Damu uwanjani: kocha wa chuo ajikinge vipi

Ilikuwa mechi ya kirafiki, Jumamosi jioni, sisi na chuo jirani. Kipindi cha pili wachezaji wawili waliruka kuwania mpira wa juu, wakagongana vichwa, nyusi ya beki wangu ikapasuka. Nyusi ikipasuka damu haidondoki, inamwagika. Nilikimbia na chupa ya maji mkono mmoja na taulo langu la jasho mkono wa pili. Taulo likalowa mara moja, nikalitupa, nikalibana jeraha kwa kiganja kitupu. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimefunga nyavu za goli kwa waya, na waya ulinichana kidole cha shahada. Sikukikumbuka kidole hicho mpaka nilipokuwa bombani nanawa, sabuni ikaniwasha.

Usiku ule sikulala. Nilichokuwa nakiogopa ni Ukimwi tu. Homa ya ini B, ambayo ndiyo iliyostahili kunikosesha usingizi zaidi kwa kuwa sikuwa nimechanjwa, haikunipitia hata kichwani. Hospitali ya kwanza niliyokimbilia waliniambia nirudi Jumatatu. Hapo ilikuwa saa tatu usiku, na Jumatatu asubuhi ilikuwa zaidi ya saa 30 mbele, na dawa niliyokuwa naitafuta, ya kuzuia VVU, inahesabiwa kwa saa. Niliipata mahali pengine usiku uleule, kwa kuwa tu shemeji wa rafiki yangu alijua mlango wa kubisha.

Haya ninayoandika ni kwa ajili ya kocha wa chuo ambaye timu yake haina daktari benchi. Yeye ndiye mwalimu, mbeba mipira, mtunza jezi, na damu ikitoka yeye ndiye muuguzi. Wengi wetu ni wakufunzi wa masomo mengine tuliokabidhiwa michezo kwa barua ya mistari minne, na kwenye barua hiyo hakuna neno damu.

Hatua ya 1: Jua unajikinga na nini, na kipi usikihangaikie

Virusi vinavyotusumbua hapa ni vya aina tatu: vya homa ya ini B, vya homa ya ini C, na VVU. Vyote huishi katika damu, lakini havina nguvu sawa. Kwa wahudumu wa afya waliochomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, VVU huambukiza karibu watu 3 katika kila 1,000. Homa ya ini C, makadirio yaliyozoeleka ni chini ya watu 2 katika 100. Homa ya ini B, kwa mtu asiye na kinga, ni watu 6 hadi 30 katika 100. Soma namba hiyo ya mwisho tena. Halafu ongeza kwamba virusi vya homa ya ini B huweza kukaa juu ya kitu kikavu, benchi au mkeka wa judo, siku 7 au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, hata pale ambapo doa la damu halionekani kwa macho.

Uwanjani hatuchomani sindano, kwa hiyo hatari yetu ni ndogo kuliko ya muuguzi wa wodini. Ila haikosekani kabisa. Huko Sweden, miaka ya 1957 hadi 1963, zaidi ya wanamichezo 500 wa mbio za msituni kwa ramani walipata homa ya ini. Miguu yao ilichanwa na miiba na vichaka, na baada ya mbio walikuwa wakijiosha pamoja maji yaleyale. Japani homa ya ini B iliwahi kusambaa katika klabu ya sumo ya shule ya sekondari, na baadaye katika timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, wachezaji kwa wachezaji, kupitia michubuko ya kawaida ambayo kila kocha ameizoea. Kwa VVU, kisa cha kuambukizana mchezoni ni nadra mno.

Kwa upande wetu wa dunia homa ya ini B si ugonjwa wa mbali. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, watu milioni 254 duniani wanaishi na maambukizi yake ya kudumu, na kati yao kama milioni 65 wako kanda ya Afrika. Wengi hawajui kwamba wanavyo, kwani ini huumia kimya kwa miaka.

Sasa, lipi ni tukio la kukimbilia hospitali? Ni haya tu:

- kuchomwa au kukatwa na kitu chenye damu ya mtu mwingine;
- damu ya mtu kugusa jeraha lako, ngozi iliyopasuka, au mchubuko mbichi;
- damu kukurukia jichoni, mdomoni au puani;
- kung'atwa mpaka damu ikatoka.

Damu ikigusa ngozi yako nzima isiyo na jeraha, nawa kwa sabuni, basi. Jasho, machozi, mate yasiyo na damu, kukumbatiana baada ya goli, kupeana mikono, kukaa benchi moja, hayo yote usiyapotezee usingizi. Naandika hivi kwa makusudi kwa sababu hofu isiyo na mpaka ndiyo inayomfanya kocha amtenge mchezaji aliyezushiwa uvumi, huku yeye mwenyewe akiendelea kufunga vidonda kwa mikono mitupu kwa yule anayemwona ana afya.

Hatua ya 2: Chanjo, kabla ya filimbi ya kwanza ya msimu

Kama utafanya jambo moja tu katika yote haya, fanya hili. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita kuhesabu tangu ya kwanza. Huchomwa begani. Kabla ya kuanza, omba upimwe kama tayari unavyo virusi hivyo. Kwenye karatasi ya maabara kipimo huandikwa HBsAg. Ukikutwa navyo, chanjo haitakusaidia kitu, unachohitaji ni kliniki ya kufuatilia ini lako, na ni heri kujua sasa kuliko tumbo likishajaa maji.

Usijidanganye kwamba ulichanjwa utotoni. Kenya iliiingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, na makocha wengi tumezaliwa kabla ya hapo, kadi yako ya kliniki haina chanjo hiyo. Wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza ndio waliochanjwa. Anayetibu vidonda ndiye asiye na kinga, na anayetibiwa anayo.

Kosa kubwa hapa ni dozi ya tatu. Ya kwanza mtu huchoma kwa hofu, ya pili kwa mazoea, ya tatu inaangukia likizo au mitihani, ikasahauliwa. Ukichelewa huanzi upya, unaendelea ulipoachia, lakini usingoje. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, ukiweza, pima kama kinga imejengeka. Kiwango cha 10 mIU/ml au zaidi kinatosha, na ukifika hapo una kinga ya miaka mingi.

Nani alipe? Omba chuo. Marekani, kanuni ya shirika lao la usalama kazini ya mwaka 1991 inamlazimu mwajiri kumpa chanjo hii bure, ndani ya siku 10 za kazi tangu apangiwe kazi hiyo, mfanyakazi ambaye kazi yake inamkutanisha na damu. Shirika lao nalo linaitwa OSHA kama letu la Tanzania, ila si lilelile. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi na ampe vifaa kinga. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2007. Andika barua fupi kwa mkuu wa chuo, taja sheria, ambatisha bei ya dozi tatu kutoka hospitali ya jirani. Bei ikiwa kwenye karatasi, mhasibu ana kitu cha kuidhinisha. Barua inayosema "naomba tuangaliwe makocha" huishia kwenye faili.

Hatua ya 3: Ujue mlango wa kubisha usiku

Kabla msimu haujaanza, nenda mwenyewe hospitali ya wilaya au ya rufaa iliyo karibu na chuo, uliza kliniki ya CTC, ile ya wanaoishi na VVU, au dirisha la dharura maswali mawili: dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya kuguswa na damu, zipo hapa, na Jumamosi usiku nani anazitoa? Usiulize kwa simu. Nenda, uone mlango. Andika jina la kitengo na namba ya simu ya zamu, ubandike ndani ya kifuniko cha mkoba wa huduma ya kwanza. Timu ikisafiri, fanya hivyohivyo kwa mji mnaokwenda. Mwenyeji wenu anajua, muulize siku mnapopanga safari. Hili halichukui hata nusu siku, na kutolifanya ndiko kulikonipa mimi usiku mbaya kuliko wote niliowahi kuwa nao katika kazi hii.

Hatua ya 4: Mkoba

Mkoba wa huduma ya kwanza wa vyuo vingi, ukiufungua, utakuta mafuta ya kuchua, dawa ya kupulizia misuli, bandeji moja iliyokwisha kutumika na mkasi wenye kutu. Huo ni mkoba wa misuli. Kwa damu unahitaji hivi:

- glavu, angalau jozi 10 kwa mechi, za saizi yako; kama mpira wa kawaida unakuwasha mikono, nunua zile za bluu za naitraili;
- shashi nyingi, bandeji, plasta za kila ukubwa;
- sabuni na chupa mbili za maji safi za lita moja; kizibo kimoja kitoboe tundu dogo kwa msumari, hiyo ndiyo ya kuoshea jicho;
- miwani ya kinga ya kawaida, ile ya mafundi;
- jiki katika kichupa kilichoandikwa jina, na kikombe cha kupimia;
- karatasi za chooni au vitambaa vya kutupa;
- mifuko miwili imara isiyovuja;
- chupa tupu ya plastiki ngumu yenye kifuniko, ya kutupia wembe, pini au sindano;
- jezi moja ya akiba.

Zamani tukikosa glavu tulivaa mfuko wa rambo mkononi. Tangu Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku Tanzania, na sioni ubaya, ila ile akili ya kutafuta kizuizi chochote usiipoteze. Glavu zikiisha, shashi nene, jezi iliyokunjwa mara nne, hata kifungashio cha mkate, vyote ni bora kuliko kiganja.

Kabla ya mechi angalia mikono yako. Mkato, kucha iliyonyofoka, ngozi iliyopasuka kwa baridi au chokaa ya kuchorea uwanja, ufunike kwa plasta isiyopitisha maji. Dakika moja. Mimi nisingekesha usiku ule kama ningefanya hivyo.

Hatua ya 5: Damu imetoka, ufanye nini

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na kosa lenyewe ni mbio. Damu ya puani au ya nyusi ikitisha vipi, sekunde 15 za kuvaa glavu hazimuui mtu. Vaa ukiwa unatembea kumwendea.

Na mara nyingi huna haja hata ya kumgusa. Mkono bora wa kubana jeraha ni wa mwenye jeraha. Mpe shashi, mwambie, "Jibane mwenyewe, kaza." Damu ya puani: aketi, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili dakika 10 bila kuachia ili kuchungulia, apumue kwa mdomo, na damu inayoingia mdomoni aiteme. Asiinue kichwa nyuma kama tulivyofundishwa na wazee wetu. Akifanya hivyo anaimeza, halafu anakutapikia wewe. Kwa mkwaruzo wa goti au kiwiko, aoshe mwenyewe kwa maji na sabuni, wewe unashika chupa. Unaingiza mikono yako, ikiwa ndani ya glavu, pale tu anaposhindwa: amezimia, mkono umevunjika, jeraha liko asipolifikia. Damu ikiwa inaruka au anakohoa damu, vaa na miwani.

Mfano wa kujifunzia upo, na ni wa wakubwa. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, mpiga mbizi wa Marekani Greg Louganis aligonga kichwa kwenye ubao wa kurukia akapasuka. Daktari wa timu alimshona bila glavu. Louganis alikuwa anajua ana VVU, hakusema, na dunia ilijua mwaka 1995. Daktari alipima akakutwa salama. Wengi walimlaumu Louganis kwa kunyamaza. Mimi nauangalia mkono wa daktari: kama angevaa glavu, siri ya mchezaji isingemhusu kabisa.

Sheria za mchezo ziko upande wako, zitumie. Katika soka, mwamuzi humtoa mchezaji anayetoka damu, na hamrudishi mpaka aridhike kwamba imekauka na jezi haina damu. Raga wana badiliko la muda kwa mwenye damu. Kikapu vilevile anatoka. Atakuja kukuambia, "Ticha, niko poa, nirudishe," na nusu ya jukwaa inapiga kelele. Jeraha lifunikwe, jezi ibadilishwe, ndipo.

Mambo mawili madogo ambayo sijayaona kwenye kozi yoyote ya ukocha niliyohudhuria. La kwanza ni filimbi. Umemhudumia mtu, mkono una damu, mazoezi yanaendelea, mkono unakwenda wenyewe shingoni, unashika filimbi, unaitia mdomoni. Umeshaifikisha damu mahali ambapo hakuna ngozi ya kuizuia. Ukianza kuhudumia, zungusha filimbi iwe mgongoni. La pili ni pini za kubandikia namba za wakimbiaji. Kocha wa riadha hushika pini sita kwa meno, anabandika huyu, anamchoma kidogo, anachomoa, anabandika yule kwa pini ileile. Kila mkimbiaji awe na pini zake nne na abandikwe na mwenzake. Pini zisiingie mdomoni mwako, hata safi.

Sindano ni marufuku kwako. Mchezaji akija na vitamini au dawa ya maumivu anataka umchome, mpeleke zahanati. Mwenye kisukari ajichome mwenyewe na sindano aitie mwenyewe kwenye ile chupa ngumu. Wewe usiirudishie kifuniko. Wembe wa kunyolea nywele za mguu kabla ya kufunga bandeji ni wa mtu mmoja, kama mswaki. Vilevile kinga ya meno ya ndondi na raga, na taulo.

Hatua ya 6: Kuvua glavu

Watu huvaa vizuri wakajipaka damu wakati wa kuvua. Fanya polepole:

1. Kwa mkono mmoja, shika glavu ya mkono wa pili kwa nje, karibu na kifundo, bila kugusa ngozi.
2. Ivute kuelekea vidoleni igeuke ndani nje.
3. Ifinyange ndani ya kiganja ambacho bado kina glavu.
4. Ingiza kidole cha mkono mtupu chini ya glavu iliyobaki, kwa ndani, kwenye kifundo.
5. Ivute nayo igeuke, iimeze ile ya kwanza. Tupa kwenye ule mfuko usiovuja, nawa kwa sabuni.

Jozi moja, mchezaji mmoja. Glavu hazifuliwi.

Hatua ya 7: Kusafisha palipomwagika

Jiki nyingi za madukani kwetu zina nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo. Kwa hiyo, kikombe 1 cha jiki na vikombe 6 vya maji hukupa mchanganyiko wa asilimia 0.5, unaotosha kuua virusi hivi. Lebo ikisema asilimia 5, basi kikombe 1 kwa maji vikombe 9. Changanya siku hiyohiyo, kwani mchanganyiko ukilala unapungua nguvu, na usichanganye na siki wala dawa za choo zenye asidi, hutoa hewa ya sumu.

Ukiwa na glavu, nyonya damu kwanza kwa karatasi, uitupe. Kisha mwaga jiki uliyochanganya, subiri dakika 10, futa, osha kwa maji. Dakika 10 ndizo zinazofanya kazi. Kupangusa haraka ili mechi ya kikapu iendelee ni kupaka damu sakafuni ukubwa zaidi. Kwenye uwanja wa vumbi au nyasi, mwagia maji mengi, ondoa udongo uliolowa kwa koleo. Jezi yenye damu iende kwenye mfuko wake, isichanganywe na nyingine. Ifuliwe kwa glavu, maji baridi kwanza ili doa lisishike, kisha sabuni. Nyeupe unaweza kuiloweka kwenye jiki. Na tafadhali, mtunza vifaa wa miaka 19 asipewe rundo la jezi za damu mikono mitupu eti yeye ni mdogo.

Hatua ya 8: Imetokea kwako

Dakika ya kwanza: nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usiminye kidonda, usinyonye, usipake jiki wala spiriti. Unaichokoa ngozi na kuvifungulia virusi njia. Jicho lisafishe kwa maji safi, ukifungua kope, kama dakika 15. Mdomo: tema, sukutua, tema, mara nyingi. Mkabidhi msaidizi timu. Mechi itaisha bila wewe.

Saa ya kwanza: nenda ule mlango unaoujua. Dawa za PEP za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72, baada ya hapo hazina maana. Utapimwa kwanza, kisha utapewa vidonge vya siku 28. Zimeze zote. Watu huacha wiki ya pili wakiona wako salama, na hapo wamefanya kazi bure. Mchezaji ambaye damu ni yake anaweza kuombwa kupima, kwa hiari yake, na wahudumu wa afya, si na wewe.

Homa ya ini B: kama hukuchanjwa, dozi ya kwanza ianze haraka, vizuri zaidi ndani ya saa 24, na hospitali ikiwa na sindano ya kingamwili utapewa pamoja nayo. Kama ulimaliza chanjo na kinga ilipimwa ikatosha, huhitaji kitu. Hapo ndipo utakapoishukuru ile barua uliyomwandikia mkuu wa chuo. Homa ya ini C haina chanjo wala dawa ya kuwahi, lakini ukikutwa nayo kuna vidonge vya miezi kama mitatu vinavyoponya zaidi ya watu 95 katika 100.

Utarudi kupima, kwa kawaida wiki ya 6 na mwezi wa 3, au kwa ratiba watakayokupa. Mpaka hapo tumia kondomu na usichangie damu. Mwambie mwenzio nyumbani. Mimi nilijaribu kuficha kwa siku nne. Vidonge vinatoa kichefuchefu, na mke wangu si mtu wa kudanganywa na chai ya tangawizi.

Hatua ya 9: Karatasi

Siku hiyohiyo andika: tarehe, saa, mechi, ilikuwaje, ulifanya nini, nani alishuhudia. Nakala kwa ofisi ya chuo, nakala kwako. Tanzania Bara, mwajiri ana wajibu wa kuripoti ajali ya kazini kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na bila ripoti hiyo ugonjwa utakaojitokeza baadaye ni vigumu kuuhusisha na kazi. Kama wewe ni kocha wa posho usiye na mkataba, dai mkataba kabla ya msimu. Sisemi hivi kwa ukali, ila nimewaona wenzangu wakiambiwa "wewe ulikuwa unajitolea" siku ambayo walihitaji kuwa waajiriwa.

Jina la mchezaji lisiandikwe pamoja na majibu ya vipimo vyake, popote. Sheria ya Tanzania ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza kutoa siri hiyo na kumbagua mtu kwa ajili yake. Huna haki ya kuwataka wachezaji wapime ndipo wasajiliwe, na hata ungekuwa nayo isingekusaidia, kwani aliyepimwa Januari si lazima awe vilevile Juni. Ukishaichukulia kila damu kuwa na virusi, habari za nani anavyo huzihitaji.

Hatua ya 10: Zoezi la choya

Mwanzo wa muhula, waite manahodha, msaidizi wako, mtunza vifaa na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi. Chemsha choya, ile juisi nyekundu ya rozela, iwe nzito, iache ipoe. Kila mmoja avae glavu, achovye mikono mpaka kifundoni, ajifanye anafunga jeraha la mwenzake, kisha avue kwa hatua zile tano. Halafu mkague chini ya mwanga: vidole, kifundo, mkono wa shati, uso kwa waliojikuna. Filimbi nayo muikague.

Mara ya kwanza tulipofanya, watu saba kati ya tisa walikuwa na doa jekundu mahali fulani. Mimi nilikuwa nalo sikioni.